Karai la Sanda

Assalaam aleikum, walaalo, ndugu zangu. Kaeni, kaeni, msisimame kwa ajili yangu. Mkisimama nyinyi, mimi nitaona haya kuomba kiti, na kiti nakitaka. Mwenyekiti, nisogezee hicho. Alhamdulillahi. Sasa tunaweza kuongea.

Juma lililopita, katika kikao chetu hiki cha waliopoteza, dada mmoja alisimama hapa akatueleza jinsi ukame ulivyommalizia ng'ombe wote, na jinsi alivyoanza tena na mbuzi wa kuazimwa. Kabla yake kijana mmoja alitueleza habari za miraa, tukalia naye. Nilipokuwa nawasikiliza nilijiambia, wewe mzee nyamaza, wewe ulipoteza mfuko tu. Mfuko wa utomvu wa miti! Lakini mwenyekiti wetu mnamjua, ukimwambia hapana anakuuliza saa ngapi. Basi nimekuja.

Nitasema Kiswahili, maana tunao ndugu zetu wa Mwingi na wa Hola, na vijana wetu wa Nairobi ambao Kisomali chao kimebaki cha kuomba chakula. Mnacheka, lakini mnajijua. Na majina sitayataja. Tumekubaliana hivyo hapa, na mimi naona ni vizuri, kwa sababu wengine nitakaowasema wamekufa na watoto wao wako kwenye safu hizo.

Kazi yangu ilikuwa kemia. Si ile ya kuuza dawa, hapana, watu wengi huniuliza dawa ya kikohozi. Mimi nilichunguza vitu vinavyotoka kwa vyenye uhai: majani, mafuta, utomvu. Unachukua utomvu wa mti, ndani yake mna vitu vingi vimechanganyika, nawe unavitenganisha mpaka upate kimoja tu, safi, cheupe. Hicho kimoja ukikipata, unaweza kukijua. Ndiyo kazi yote. Nimeifanya maisha yangu yote na nawaambia inachosha, kwa sababu siku nyingi unachopata ni lami nyeusi chini ya chupa.

Nilizaliwa upande wa Sangailu. Baba alikuwa na ng'ombe, na mimi nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuwapaka hagar. Wenyeji mnaijua. Wageni, hagar ni mti wenye miiba, na utomvu wake tunauchanganya na maji tunampaka mnyama, kupe wanamwachia. Mikono yangu ilikuwa ikinuka hagar mpaka mwalimu shuleni akanikalisha nyuma karibu na dirisha. Hapo dirishani ndipo nilipoanza kujiuliza ni nini ndani ya kitu hiki kinachofukuza kupe. Swali hilo lilinipeleka shule, likanipeleka Kampala, likanirudisha Nairobi, nikawa mwanafunzi wa utafiti chini ya profesa mmoja, mzungu mfupi asiyecheka, Mungu amlipe mema.

Profesa alisema, nenda ukakusanye. Hiyo ilikuwa kabla ya uhuru, njia zikiwa wazi. Nikazunguka na abti yangu, ndugu wa mama, na ngamia wake mmoja mkaidi. Tulianzia Sangailu, tukapanda lori la wafanyabiashara wa mifugo mpaka Wajir, tukafika Eldas. Nilikusanya aina tatu: ubani, malmal, yaani manemane, na hagar. Hagar ndiyo niliyoitaka, zile mbili zilikuwa za kulinganisha. Kila donge nililifunga kitambaa chake. Abti alikuwa akicheka, anasema nimesomeshwa miaka yote hiyo ili niokote vitu ambavyo watoto wanaokota bure.

Sasa, kuna kanuni moja katika kazi yetu. Usibebe kila kitu safari moja. Lori linaweza kuanguka, chupa inaweza kupasuka. Kwa hiyo nusu nilikwenda nayo Nairobi, na nusu nikaiweka kwenye mfuko wa turubai, nikauacha hapa Garissa nyumbani kwa eeddo, dada wa baba yangu. Nikamwambia, eeddo, mfuko huu ndio maisha yangu. Akasema sawa, akauweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima.

Nairobi nilifanya kazi kwa ile nusu ya kwanza. Nilichemsha, nikachuja, nikaloweka kwenye spiriti za kila namna. Lami. Kila mara lami. Mara moja tu, sijui nilifanya nini tofauti, nikaona shingoni mwa chupa fuwele ndogo nyeupe, zote pamoja zinaenea ukucha. Nilikimbia nikamwita profesa. Akazitazama, akazitia kwenye kijibomba cha kioo, akakifunga kwa moto, akakiweka kwenye mtoto wa meza yake. Halafu akaniambia, "Mara moja ni bahati. Zilete mara ya pili, ndipo tutasema tumepata kitu." Nikajaribu mara ya pili mpaka utomvu ukaisha. Sikupata.

Iliyobaki ilikuwa nusu iliyo kwa eeddo. Na wakati huo, ndugu zangu, uhuru ulikuwa umeshakuja, na kwetu ulikuja na hali ya hatari. Mnaoikumbuka sihitaji kuwaeleza. Nyinyi vijana, jueni tu kwamba mkoa huu ulifungwa. Wengine wetu walitaka kujiunga na Somalia, wakashika bunduki msituni, serikali ikawaita shifta; na baada ya muda kila Msomali akaitwa shifta, hata mimi niliyekuwa nimevaa koti jeupe la maabara. Kutoka Nairobi kuja hapa ulihitaji ruhusa. Nilingoja ruhusa muda mrefu sana. Wenzangu darasani wakamaliza utafiti wao, wakaenda ng'ambo, mimi nangoja kupanda basi la kwenda nyumbani.

Mwisho nikaipata, ya siku chache tu. Nikaja. Nilipofika kwa eeddo nikakuta mlango umefunguliwa na upepo, ndani mna mchanga. Mpita njia mmoja akaniambia wamehamishwa wote, wako kwenye kijiji cha seng'enge, walikofungiwa na serikali. Nikaenda huko. Mlangoni waliniruhusu kuingia kwa urahisi kabisa. Nilipotaka kutoka, afisa mmoja akaniangalia koti na miwani, akasema msomi wao ndiye wa kuogopwa zaidi. Ruhusa yangu akaikunja akaitia mfukoni mwake. Basi, nikawa mkazi.

Lakini nimeruka. Nirudi kwa eeddo. Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda cha fito na magunia, amekonda mpaka sauti. Tukasalimiana, tukalia kidogo. Nikamuuliza, "Eeddo, mfuko wangu?"

Akasema, "Kaa kwanza. Kunywa chai."

Nyinyi mnajua mama wa Kisomali akikwambia kunywa chai kwanza maana yake ni nini. Nikakaa. Chai yenyewe ilikuwa maji yenye rangi.

Akaniambia, "Mfuko yako nilibeba. Askari ilisema dakika kidogo tu, chukua vitu. Sufuria niliacha, kitanda niliacha, ile kikapu ya kufukizia nguo niliacha. Mfuko yako nilibeba kwa kichwa mpaka hapa."

Nikasema, "Allah akuzidishie, eeddo. Uko wapi?"

"Watu ilikufa hapa, abo, mtoto yangu. Wazee, watoto. Ng'ombe ilipigwa risasi hapo nje, ikaoza, harufu yote inaingia hapa. Sanda hakuna, tunakata shuka ya mtu. Wewe utazika Muislamu na harufu ya mzoga? Wanawake ilikuja kwangu. Nikachoma ubani kwanza. Ikaisha. Nikachoma malmal. Ikaisha." Akazungusha kikombe. "Hata ile ya kupe nilichoma. Ilikuwa inanuka vibaya. Lakini ni moshi."

Wageni wetu, nieleze kidogo. Kwetu maiti haendi kaburini hivihivi. Sanda inafukizwa kwanza. Unaweka makaa kwenye dabqaad, chetezo cha udongo, unatia ubani, unafunika kwa kile kikapu, nguo inatandazwa juu mpaka inywe moshi. Ni heshima ya mwisho. Mtu anaweza kufa na njaa, anaweza kufa hana jamaa, lakini harufu nzuri atapata. Na mimi, kati ya mikoa yote ya dunia, nilikuwa nimeuacha mfuko wa utafiti wangu katika mkoa ambao kila mwanamke akiona donge la utomvu anaona moshi ndani yake. Mwenzangu wa Kisumu angeuacha kwa shangazi yake ungekaa mpaka kiama.

Nilikasirika, ndugu zangu, nawaambia ukweli. Nilimkasirikia mwanamke aliyeacha sufuria zake akabeba mfuko wangu. Sikuweza kusema, maana huwezi kumfokea eeddo, na maana nilikuwa najua amefanya haki. Nilikwenda nikasimama karibu na seng'enge nikaitazama miti kwa mbali. Miti yenyewe ilikuwa huko, hagar imejaa tele, na ukivuka kuifuata unapigwa risasi.

Hapo ndipo nilipoanguka. Si siku moja. Kuanguka kwangu kulikuwa kwa taratibu sana. Kwanza niliacha kunyoa ndevu. Kisha nikaacha kuongea na wenzangu, maana mazungumzo yote yalikuwa ni nani amekufa na nani amechukuliwa. Kisha nikaacha kuswali jamaa, nikawa naswali peke yangu, kisha sikuswali. Nililala mchana. Wazee walikuwa wakipita mlangoni wanasema, "Macallin," yaani mwalimu, "toka upate hewa," nami najigeuza upande wa pili. Nilikuwa nafikiri, mimi sina hata huzuni ya kuonyesha watu. Huyu amezika mtoto. Yule ngamia wake wote wamekufa mbele ya macho yake. Mimi nilie kwa ajili ya fuwele? Huzuni usiyoweza kuisema mbele ya watu inakaa tumboni kama chakula kibovu. Kama hapa kuna mtu anayo ya namna hiyo, na anisikilize vizuri.

Kiangazi kirefu kilipita hivyo, na watu wakaendelea kufa, ingawa kidogo kidogo.

Sasa maji. Maji pale yaliletwa kwa zamu, na hayakutosha. Hakuna aliyeosha chombo kwa maji, tulikuwa tunasugua kwa mchanga. Kwa hiyo mawingu yalipoonekana upande wa mto, kijiji kizima kilisimama. Wanawake walitoa kila kitu kinachoweza kushika maji: masufuria, madebe, kofia za chuma, hata buti la mtu lilitolewa. Eeddo akaniita, "Waryaa, amka! Toa ile karai nyuma ya nyumba!"

Nikaenda nyuma. Kulikuwa na karai moja la bati, limefunikwa kifudifudi juu ya mawe, peke yake. Nilikuwa nimeliona siku nyingi bila kuliuliza. Nikalichukua, nikaligeuza ili niliweke wazi mvua iingie.

Ndani lilikuwa jeusi kwa masizi. Lakini ukingoni, kuzunguka pande zote, palikuwa na kitu cheupe. Nikadhani ni chumvi. Nikalisogeza karibu na macho. Zilikuwa sindano. Fuwele ndefu nyembamba kama sindano, zimesimama kwenye bati, nyingi, zaidi ya nilizopata Nairobi kwa miezi yote ile.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

Sikufikiri. Nililikumbatia lile karai kifuani, mdomo wake ukielekea kwangu, nikainama juu yake kama mtu aliyechomwa kisu. Eeddo alitoka akanikuta hivyo. "Mvua!" anapiga kelele. "Weka chini! Watu inataka maji na wewe umekumbatia karai!"

Nikasema, "Eeddo, karai hili lilifanya nini?"

"Ni ya sanda! Kikapu niliacha, nitafunika moshi na nini? Nilifunika na karai! Sugua na mchanga, weka mvua!"

Nikakataa. Ndugu zangu, watu wana kiu ya miezi, mvua inanyesha, na mimi nimekimbilia ndani ya kibanda na chombo kikubwa kuliko vyote. Walikuja mlangoni. Mzee mmoja akasema imefika, macallin amerukwa na akili. Mwingine alitaka kuninyang'anya, eeddo akasimama mbele yake. Alikuwa haelewi lolote, lakini alisimama. Akamwambia, "Huyu ni mtoto ya ndugu yangu. Kama ni wazimu, ni wazimu yetu." Akavua shuka yake akaitandaza nje ishike maji badala ya karai, awe anaikamua.

Niwaeleze kilichotokea ndani ya lile karai, na nitaeleza kwa ufupi maana naona mama mmoja hapo anasinzia. Kuna vitu ukivipasha moto havigeuki maji. Vinaruka moja kwa moja vikiwa hewa, na vikikuta ubaridi vinakaa tena vikiwa vigumu, safi, vimeacha uchafu wote chini. Mimi Nairobi nilikuwa nachemsha hagar kwa moto mkali mpaka naiunguza. Eeddo hakuwa na makaa ya kutosha. Alichoma kwa makaa machache, ya moto mdogo, akaitia sanda pembeni, akafunika vyote kwa bati ili upepo wa pale usichukue moshi. Na hagar ilikuwa ya mwisho kuchomwa, kwa hiyo ndiyo iliyobaki juu. Halikuoshwa kwa sababu maji hayakuwapo, na kwa sababu karai la maiti halipikiwi. Eeddo hakujua kemia, na mimi sikumjua mtu hata mmoja aliyefukiziwa sanda chini ya bati lile. Ilitokea tu.

Zahanati ya kijijini ilikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda, mtu wa Kitui, si Msomali, si Muislamu. Watu hawakumpenda kwa sababu alikuja na askari. Nilimwendea nikiwa nimelowa, nikamwomba kichupa kitupu cha sindano na wembe. Hakuniuliza ni vya nini. Alikichemsha kichupa, akakikausha, akanipa na kizibo chake. Nikakwangua zile fuwele, nikakijaza, na kutoka siku hiyo nilikuwa nikikibeba kwenye mkunjo wa kikoi. Nikanyoa ndevu. Nikarudi kuswali na wenzangu. Sikuwa na uhakika kwamba nina kitu, lakini nilikuwa na kitu cha kuuliza swali, na hilo lilinitosha kuamka asubuhi.

Vita ilipopoa, wakubwa wakapatana, mlango ukafunguliwa. Nilifika Nairobi nikiwa nimevaa viatu vya mtu mwingine. Chuoni walikuwa wameshaandika kwamba nimeingia msituni na mashifta. Meza yangu alikuwa nayo mwingine. Nilimkuta profesa ofisini, nywele zimekuwa nyeupe. Hakusema karibu, hakusema pole. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kile kijibomba cha kioo, akakiweka mbele yangu. Walikuwa wamemwambia akitupe, yeye akakiweka.

Tukafanya jaribio moja. Ni jaribio dogo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Kila kitu safi kina joto lake la kuyeyukia. Ukichukua vitu viwili tofauti ukavichanganya, mchanganyiko unayeyuka mapema, kabla ya joto la vyote viwili. Lakini ukichanganya kitu na kitu kilekile, joto halibadiliki. Basi tulichukua chembe ya Nairobi na chembe ya karai, tukazisaga pamoja, tukazitia kwenye kioo chembamba, tukaanza kupandisha moto pole pole. Profesa anasoma kipimajoto, mimi natazama zile chembe. Nilikuwa nimeshika meza. Zikiyeyuka mapema, miaka yangu imekwenda na moshi, na nilichokikumbatia mbele ya watu wenye kiu kilikuwa takataka.

Joto likapanda. Chembe zikasimama. Likapanda tena. Profesa akataja joto lilelile alilolipima zamani kwa fuwele za Nairobi, na hapohapo, mbele ya macho yangu, zikayeyuka zote pamoja.

Nililia. Profesa alikwenda dirishani akatazama nje mpaka nikamaliza, na hiyo nayo ni hisani.

Tukaandika makala. Fupi sana, kurasa mbili. Mahali pa kueleza nilivyoipata ile dutu, niliandika kama ilivyokuwa: kwamba ilikusanywa kwenye chombo cha bati kilichofunika utomvu uliofukizwa kwa ajili ya sanda za maiti katika kijiji cha watu waliofungiwa. Profesa alisoma, akakuna kichwa, akaacha. Tukapeleka ng'ambo. Makala ilipotoka, nikaifungua haraka. Wahariri walikuwa wameibadilisha. Iliandikwa: utomvu uliofukizwa kwa ajili ya nguo. Nguo, basi. Kijiji hakipo, maiti hawapo. Niliwaandikia, hawakujibu, na makala iliyokwisha kuchapwa huwezi kuiita irudi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilifundisha, nikazeeka maabarani, nikaandika makala ndefu zilizoninyima usingizi na kuninyima ndoa yenye raha. Mtafiti, ndugu zangu, anapimwa kwa kunukuliwa. Sisi Waislamu hili tunalielewa kuliko wengine, maana tunajua isnadi: fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Na wao ni hivyo. Mtu akitumia kazi yako anapaswa kusema, hili nimelipata kwa huyu. Makala zangu ndefu, zile za jasho, hazinukuliwi na mtu. Ile ya kurasa mbili ndiyo inayozunguka dunia. Mwanzo ilikaa kimya, kimya kabisa, nikasema imekufa. Halafu mmoja huko mbali akatumia njia ile ya moto mdogo na kifuniko kwa utomvu wa miti yake, akanitaja. Kisha mwingine. Sasa mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu wanavyoongezeka. Wengine hata hawajaisoma. Mmoja alikosea namba ya ukurasa, na waliomfuata wote wameandika kosa lilelile. Wananakiliana kama watoto kwenye mtihani. Na wote, wasomaji na wasiosoma, wanaandika: njia ya kufukiza nguo.

Nilirudi kumweleza eeddo alipokuwa amelala kitandani, macho hayaoni tena. Nikamwambia, eeddo, lile karai lako, watu wa nchi za mbali wanalisema. Wanaandika kwamba walijifunza kwetu. Alifurahi, akanishika mkono. Kisha akauliza, "Na ile watu? Wanataja?"

Nikasema, "Watu gani, eeddo?"

"Ile tulizika."

Nikasema hapana, hawatajwi. Akaniachia mkono. Hakukasirika, alichoka tu, akageukia ukutani. Allah amrehemu, ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana.

Nimeshachoka na mimi, na mwenyekiti ananitazama. Niwashukuru, ndipo nikae vizuri. Namshukuru eeddo, aliyebeba mfuko wangu akaacha sufuria zake, na namshukuru kwa kuuchoma. Ndiyo, kwa kuuchoma. Namshukuru yule dresa wa Kitui, ambaye sikumwona tena. Ndugu zetu wa upande huo, mkimjua mpelekeeni salamu zangu hata kaburini. Namshukuru profesa kwa kutosafisha mtoto wa meza yake. Na nyinyi hapa, mnaokaa mkasikiliza habari za chupa.

Somo ninalo moja dogo. Ukipoteza kitu, kabla hujalia sana, uliza kilikwenda kufanya kazi gani. Mfuko wangu ulikwenda kwenye kazi kubwa kuliko niliyoupangia. Ilinichukua umri wote kukubali hilo, na kuna asubuhi bado silikubali.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonileta, mengine yote nimeyasema ili nifike hapa. Dunia nzima inanukuu kwamba zilikuwa nguo. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi nasema mbele yenu: hazikuwa nguo. Zilikuwa sanda, na ndani yake walikuwamo baba zenu, na bibi zenu, na kaka zenu ambao hawakufikia kutembea. Hapa hatutaji majina. Basi kila mmoja amtaje wake moyoni, halafu inueni mikono tuwasomee Fatiha.